Pesa za Mbio, Pesa za Shamba, Pesa za Tenda

Tangu uchaguzi mkuu wa 2022, neno "haki" nchini Kenya limepata wenyewe wengi kupita kiasi. Muungano ulioshinda uliingia Ikulu ukijiita wa mahasla, wa mama mboga na wa watu wa bodaboda, ukiwanyooshea kidole wana wa familia kubwa waliorithi nchi kama mtu anavyorithi kigoda cha babu. Miaka miwili haijatimia, Juni 2024, vijana wakajaa barabarani, Eldoret ikiwemo, wakiitupia serikali hiyo hiyo neno lile lile. Mswada wa Fedha ulipendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake. Waandamanaji waliingia Bunge tarehe 25. Kesho yake Rais akauondoa mswada.

Vumbi lilitua, mjadala haukutua. Wapo wanaoshikilia kwamba tajiri ametoa jasho lake, aachwe ale. Wapo wanaoapa kwamba kila ghorofa unaloliona limejengwa kwa wizi. Mara nyingi mtu yule yule husema yote mawili katika kikao kimoja, kutegemea tajiri anayezungumziwa ni yupi. Huo si unafiki. Ni dalili kwamba tunatumia neno moja kupimia vitu ambavyo havipimwi kwa kipimo kimoja.

Eldoret ni mahali pazuri pa kulifungulia fundo hili, kwa sababu utajiri wake una chemchemi tatu zinazoonekana kwa macho: mbio, shamba na tenda. Pesa zikishaingia benki hufanana zote. Zilikotoka hakufanani, na hoja inayotetea moja haiwezi kuazimwa kutetea nyingine.

Kutoka Shamba Nambari 64

Nyanda za Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret, hazikuanza kama soko. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilizipendekeza kwa Wayahudi waliokuwa wakitafuta makao, bila kumuuliza mwenyeji yeyote; wao wenyewe wakazikataa 1905. Oktoba mwaka huo huo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa, na upinzani wao dhidi ya Waingereza uliokuwa umedumu zaidi ya miaka kumi ukavunjika. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walipanda nyanda hizo kwa mikokoteni ya ng'ombe mwaka 1908. Posta ikafunguliwa 1910 katika Shamba Nambari 64, ndiyo asili ya wazee kupaita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja 1912.

Habari hii ya kale ina kazi katika uchambuzi wa leo. Nadharia ya soko huria inaanza pale ambapo mtu ana mali na anataka kuiuza. Haisemi aliipataje. Uasin Gishu bunduki ilitangulia, hati ikafuata, soko likaja la tatu.

Uhuru ulipofika haukuyarudisha mashamba nyuma, uliyauza. Kulikuwa na mipango ya makazi, mkubwa wao ukiwa ule wa ekari milioni moja ulioanza 1962, na kulikuwa na kanuni ya mwenye kuuza kwa hiari na mwenye kununua kwa hiari. Hiari ilikuwepo, ila pesa ndizo hazikuwa za wote. Aliyekuwa na mshahara wa serikali alipata mkopo. Aliyekuwa na jamaa wa kuchanga nao aliingia kampuni ya kununua ardhi. Kibarua aliyekamua ng'ombe wa mzungu kwa miaka ishirini mara nyingi alibaki kibarua, mwajiri tu ndiye aliyebadilika. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliobeba jina la ujamaa wa Kiafrika, uliamua rasilimali za maendeleo zielekezwe zaidi kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua. Uasin Gishu ilikuwa upande wa neema. Turkana haikuwa, na nusu karne baadaye, katika utafiti wa 2015/16, karibu watu wanane kwa kumi huko walihesabiwa kuwa maskini.

Wapo walioonya mapema. Mwaka huo huo wa 1965 mchumi Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliuchambua waraka huo katika jarida la East Africa Journal na kuuliza ujamaa wenyewe uko wapi. Mbunge J. M. Kariuki alizunguka nchi akionya dhidi ya Kenya ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi, hadi alipouawa Machi 1975.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Udhibiti wa bei ukaondolewa, forodha zikalegezwa, mitumba ikafurika. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, fahari ya Eldoret tangu miaka ya 1970, kikafa kabla ya Chuo Kikuu cha Moi kukinunua 2007. Anayetaka kujua soko huria linavyofanya kazi asome habari ya mitumba: wafumaji walipoteza ajira yenye malipo ya uzeeni, wachuuzi wengi zaidi wakapata kazi isiyo na chochote, na mnunuzi maskini akapata shati analoweza kulimudu. Nani alidhulumiwa hapo? Jibu linategemea unasimama upande gani wa meza ya muuzaji.

Tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Sensa ya 2019 iliuhesabu mji huu kuwa na watu 475,716, na Agosti 15, 2024 ukapewa hadhi ya jiji. Mgeni hahitaji takwimu kutambua kwamba mtaa wa kitajiri wa Elgon View na ule wa kimaskini wa Langas ni dunia mbili. Kitaifa, utafiti wa 2022 ulionyesha asilimia 39.8 ya Wakenya walikuwa wakiishi chini ya mstari wa umaskini. Kigezo cha Gini, ambapo sufuri ni usawa kamili na moja ni mtu mmoja kumiliki vyote, kilikuwa karibu 0.39 mwaka 2021. Tanzania, iliyotangaza Azimio la Arusha 1967 na kutaifisha benki na mashamba makubwa, ilikuwa karibu 0.40 mwaka 2018.

Msomaji asikimbilie kuhitimisha kwamba basi Ujamaa na ubepari ni mamoja. Takwimu hizi hutokana na kuuliza kaya zinatumia nini: unga, mafuta, nauli, karo. Tajiri mkubwa ni nadra kuangukiwa na karani wa utafiti, na hata akiangukiwa hali unga mara elfu zaidi ya jirani. Mali yake iko katika ardhi, hisa na majengo, mambo ambayo dodoso hilo halikuundiwa kuyapima. Kwa hiyo Gini inatueleza mengi kuhusu tofauti ya mwalimu na mchuuzi, na machache kuhusu tofauti ya mchuuzi na mwenye ekari elfu. Kila upande wa mjadala huchukua nambari inayoupendeza, na hilo ni kimojawapo cha vyanzo vya mkanganyiko.

Pesa za mbio

Mshindi anaposhuka katika uwanja wa ndege wa Eldoret, kina mama humpokea kwa mursik, maziwa ya mgando, ndani ya kibuyu kiitwacho sotet, na jivu la maziwa yale humwachia mstari mdomoni kwenye picha za magazeti. Hakuna anayeuliza kama pesa alizoleta ni halali. Hapa ndipo hoja ya soko huria ina nguvu zake zote, na ndiyo maana watetezi wake hupenda kuanzia hapa.

Robert Nozick, mwanafalsafa wa Marekani, aliijenga hoja hiyo 1974 katika kitabu chake Anarchy, State, and Utopia kwa mfano wa mchezaji wa mpira wa kikapu, Wilt Chamberlain. Tuseme kila mtu amepewa fungu analostahili. Kisha maelfu kwa hiari yao wanatoa senti chache kumwona Chamberlain akicheza. Mwisho wa msimu yeye ni tajiri na wao wamepungukiwa kidogo. Ni nani aliyedhulumiwa? Ukitaka kurudisha usawa itabidi umzuie mtu kutumia senti zake anavyopenda, tena kila siku. Mchumi Friedrich Hayek aliongezea kwamba soko halina nia. Mvua ikinyesha kwa jirani na kukupita huiiti mvua dhalimu. Haki, kwa mtazamo huu, ni ya kanuni, si ya matokeo.

Nguvu ya hoja hii isidharauliwe. Inaheshimu uhuru, inalipa juhudi, na inaeleza kwa nini vijana wa Iten na Kaptagat huamka saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi. Nchi iliyozima hamu hiyo haigawani utajiri, inagawana uhaba.

Lakini tuisogelee. Aprili 2023 Evans Chebet alishinda Boston Marathon kwa saa 2:05:54. Nyuma yake akaingia Mtanzania Gabriel Geay kwa 2:06:04. Sekunde kumi katika zaidi ya saa mbili. Kwa mtembea kwa miguu ni muda wa kuvuka barabara. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 150,000, ya wa pili nusu yake. Je, Geay alitoa nusu ya jasho? Bila shaka hapana. Soko la aina hii halilipi juhudi wala hata kipaji kwa kadiri yake, linalipa nafasi, na walio nyuma zaidi, mamia wanaokimbia kila asubuhi bila kuitwa hata kwenye mbio moja ya ng'ambo, hawalipwi kitu. Mchumi Sherwin Rosen alieleza mwaka 1981 jinsi masoko ya nyota yanavyofanya tofauti ndogo ya uwezo izae tofauti kubwa mno ya kipato.

Mfano wa pili unakata zaidi. Kipchoge Keino alitwaa dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Riadha wakati huo ilikuwa ya ridhaa, na kanuni zilikataza zawadi za pesa. Mwaka 2024 mjini Paris, World Athletics ililipa dola 50,000 kwa kila dhahabu ya riadha, na Beatrice Chebet akarudi na mbili. Miguu ni ile ile, milima ni ile ile. Kilichobadilika ni kanuni iliyoandikwa ofisini, pamoja na televisheni na kampuni za viatu. Hata pesa safi kuliko zote za Eldoret zina sehemu kubwa ambayo mkimbiaji hakuitoa mwilini mwake.

Kwa hiyo kauli ya "ni jasho langu" ni kweli nusu. Kibarua anayepalilia mahindi Moiben kuanzia alfajiri anatoa jasho pia, na kama malipo yangefuata jasho, yeye ndiye angekuwa na ghorofa. Hayek mwenyewe alilikiri hili waziwazi: soko halilipi ustahili, linalipa kile ambacho wengine wako tayari kununua. Wafuasi wake wengi wa mitaani wameisahau sehemu hiyo.

Hata hivyo, kutostahili kila senti si sawa na kuiba. Mshindi wa Boston hakumfanya mtu yeyote wa Uasin Gishu kuwa maskini zaidi. Alileta pesa kutoka nje, akajenga, akaajiri fundi, akalipia watoto wa ukoo karo, na barua za harambee bado zinamsubiri mlangoni. Dai pekee la haki juu yake ni kodi ya kawaida, kwa sababu barabara aliyofanyia mazoezi na shule iliyomtambua hazikujengwa na Boston.

Pesa za shamba

Sasa tumtazame mwenye shamba kubwa. Yeye pia husema: nilinunua, nina hati. Mara nyingi ni kweli. Lakini hoja ya Nozick, ukiisoma vizuri, ina masharti mawili kabla ya ile hiari ya kubadilishana: mali iwe ilipatikana kwa haki tangu mwanzo, na kama kulikuwa na dhuluma, irekebishwe. Watetezi wa soko nchini Kenya hunukuu sharti la hiari na kuruka lile la urekebishaji. Kwa ardhi ya nyanda hizi, kipimo cha Nozick mwenyewe kinaipa hati ya leo maksi za wasiwasi.

Mpinzani wake mkuu, John Rawls, aliyeandika A Theory of Justice mwaka 1971, anatuomba tufikirie hivi: hujui utazaliwa wapi. Huenda ukazaliwa Elgon View, huenda ni Munyaka; huenda ni mwana wa mwenye ekari elfu, huenda ni wa mchungaji wake. Ungependa sheria za nchi ziweje? Kwa maoni yake mtu mwenye akili angekubali tofauti za kipato, ila zile tu zinazomnufaisha pia aliye chini kabisa, na angesisitiza kila mtoto awe na nafasi ya kweli. Mbio za Boston zinaweza kufaulu mtihani huo. Shamba lililolala, ambalo mwenyewe anangoja mji usogee apasue ploti za hamsini kwa mia, linafeli. Thamani yake inapandishwa na barabara ya umma, bomba la maji la umma na watu wanaohamia. Mwenye shamba hajashika hata jembe.

Ubovu wa Rawls uko kwenye utekelezaji. Ardhi ikigawanywa upya kwa haraka, nani anagawa? Zimbabwe tangu mwaka 2000 ilitwaa mashamba kwa hoja ya haki ya kihistoria, na uzalishaji ukaporomoka huku wakubwa wa chama wakijichagulia yaliyo mazuri. Korea Kusini, kwa upande mwingine, iliweka kikomo cha hekta tatu kwa mwenye shamba mwaka 1950, ikawalipa wamiliki fidia, na ukuaji wa viwanda vyake ukasimama juu ya jamii ya wakulima waliokaribiana kwa hali. Tofauti kati ya nchi hizo mbili iko kwenye utaratibu zaidi kuliko kwenye nia.

Eldoret ina sababu yake ya kuogopa. Takriban mwaka 2000, kampuni ya EATEC, iliyokuwa ya Lonrho, ilipouza mashamba yake ya miwati kuzunguka mji, wenyeji walidai ni ardhi ya mababu. Ilikwenda kwa walioweza kulipa. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, eneo hili liliumia vibaya, na kanisa la Kiambaa lilichomwa na watu ndani Januari 1, 2008. Waliouawa Kiambaa hawakuwa mabwanyenye. Walikuwa wakulima wadogo na familia zao. Hasira ya ardhi ikipewa jina la kabila huwaangukia maskini wenzao, na mwenye maelfu ya ekari hulala salama nyuma ya ukuta. Yeyote anayeandika kuhusu haki ya ardhi hapa ana wajibu wa kulikumbuka hilo kabla ya kuandika neno "kurejesha".

Katiba ya 2010 ilijaribu njia ya kati. Kifungu cha 40 kinalinda mali, na aya yake ya sita inakataa kulinda mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Kifungu cha 68 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi. Mswada uliletwa 2015, ukafa. Si vigumu kukisia kwa nini, ukiwajua wabunge wanamiliki nini.

Pesa za tenda

Aina ya tatu haihitaji wanafalsafa wengi. Mtu anayepata zabuni kwa sababu shemeji yake yuko kwenye kamati hajashindana sokoni, amelikwepa soko. Hayek angemkataa, Rawls angemkataa, na shehe na kasisi wa mtaa wangemkataa pia. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kama zawadi za kisiasa. Mwaka 2018 wakulima wa nyanda hizi walipanga foleni na magunia nje ya maghala ya Bodi ya Nafaka, kisha nchi ikagundua kuwa wafanyabiashara wachache walikuwa wamelipwa fedha nyingi huku wakulima wenyewe wakisubiri. Mwaka 2024 maghala yale yale yaliuza mbolea ya ruzuku ambayo haikufikia viwango.

Jambo la kuangalia ni jinsi pesa hizi zinavyojificha. Mwenye tenda akiguswa, husema wivu, husema "msichukie waliofanikiwa", maneno ambayo ni halali mdomoni mwa mkimbiaji. Na mpinzani wa soko naye humchukua huyo huyo kama ushahidi kwamba biashara yote ni wizi. Wote wawili wanakosea kwa kutumia mtu mmoja.

Gunia na pakiti

Kuna swali moja ambalo halina mwizi ndani yake, na kwa hiyo ni gumu kuliko yote: bei ya mahindi. Gunia la kilo 90 likipanda, mkulima wa Ziwa au Moiben anapumua. Likipanda, pakiti ya kilo mbili ya unga nayo inapanda, na mkazi wa Langas au Huruma anapunguza mlo. Umbali kati yao ni mwendo mfupi wa matatu.

Katikati ya mwaka 2022, unga ulipopita shilingi 200 kwa pakiti, serikali iliyokuwepo iliushusha hadi 100 kwa ruzuku wiki chache kabla ya kura. Iliyofuata ikafuta ruzuku hiyo Septemba na kuihamishia kwenye mbolea: mfuko wa kilo 50 ukashuka kutoka 6,500 hadi 3,500, baadaye 2,500. Watetezi wake walisema ni busara kusaidia uzalishaji kuliko ulaji, na kiuchumi wana hoja: ruzuku ya unga huliwa na kwisha, tena hufaidi hata anayenunua pakiti kumi kwa gari kubwa.

Lakini piga hesabu. Kwa mifuko miwili kwa ekari, nafuu ya shilingi 3,000 kwa mfuko inampa mwenye ekari moja shilingi 6,000, na mwenye ekari ishirini 120,000. Mpangaji asiye na shamba hapati kitu moja kwa moja. Anasubiri mavuno yawe mazuri na wasagishaji wakumbuke kushusha bei. Sera iliyotangazwa kwa jina la mahasla ilifuata ukubwa wa shamba. Na kwa kuwa wakulima wengi wadogo wa Kenya hununua mahindi zaidi ya wanayouza, hata "mkulima" anayetajwa majukwaani si mtu mmoja.

Hoja ya kila mtu apate cha kutosha

Mwanafalsafa Harry Frankfurt, mwaka 1987, alisema tatizo si kwamba wengine wana zaidi, tatizo ni kwamba wengine hawana cha kutosha. Hoja hii inapendwa Eldoret hata na wasiojua jina lake, kwa sababu inapatana na zaka, na harambee, na desturi ya kutomwacha jirani alale njaa. Hazina ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ikikopesha kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, ilitokana na fikra kama hiyo: usimwangalie tajiri, mwinue maskini.

Uzuri wake ni kwamba inatuondolea wivu na kuelekeza macho kwenye sahani tupu. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, mkopo wa shilingi 500 wa siku 14 humfikisha mtu kwenye soko lile lile alilokuwa akishindwa, akiwa na deni. Pili, pengo lenyewe huzaa mamlaka. Mwenye nacho hununua kampeni, hakimu na bei ya ardhi. Kisha "cha kutosha" kinaamuliwa na yeye. Harambee ilianza kama kuchangiana, na kwa miaka mingi imekuwa njia ya mwanasiasa kurudisha hadharani kidogo cha alichokichukua sirini, kwa makofi.

Mizani

Watu wa Eldoret hupenda kufananisha uchumi na mbio, na mfano huo ndio unaotupoteza. Mbio za marathoni zina kilomita 42.195 zilizopimwa, zina mwamuzi, na anayeshindwa huenda nyumbani akala chakula. Uchumi wa Uasin Gishu haukupimwa na mtu, baadhi ya waamuzi wake wanakimbia pia, na mtoto wa aliyeshindwa huanza nyuma zaidi ya baba yake.

Nikipima hoja hizi, naona Nozick na Hayek wanashinda kesi ya mkimbiaji, na wameshindwa kesi ya shamba kwa kanuni zao wenyewe. Rawls anaeleza vizuri kwa nini shamba lililolala ni tatizo, ila hatupi njia salama ya kulishughulikia mahali ambapo ardhi imemwagiwa damu. Ya tenda ni ya polisi na mahakama.

Njia iliyobaki haina mvuto wa jukwaani: kodi ya kila mwaka kwa ardhi kubwa, hasa isiyolimwa. Mchumi Henry George alipendekeza kodi ya thamani ya ardhi tangu 1879, na sababu yake haijazeeka. Kiwanda kikitozwa sana huhama, kipaji hujificha, lakini shamba halikimbii. Kodi ya namna hiyo haimnyang'anyi mtu hati wala haimfukuzi jirani wa kabila lingine. Inamlazimu tu mwenye kungoja mji usogee ama alime, ama auze, ama alipie kungoja kwake. Ina gharama: itaumiza mjane mwenye ekari nyingi na pesa kidogo asipowekewa msamaha au ruhusa ya kuahirisha, itahitaji daftari safi la thamani ambalo kaunti nyingi hazina, na wenye mashamba ya kukodisha watajaribu kumsukumia mpangaji mzigo huo. Bado ni nafuu kuliko kutoza mkate.

Kenya iliwahi kuwa na kodi ya mirathi, ikafutwa 1982. Kodi ya faida ya mauzo ya mali ilisitishwa 1985, ikarudi 2015 kwa asilimia 5, na ikapandishwa hadi 15 mwaka 2023. Mshahara haukuwahi kupata likizo kama hiyo. Mlinzi wa Langas anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi hukatwa 450 za ushuru wa nyumba na 825 za SHA, bima ya afya, na juu yake NSSF ya uzeeni, kabla hajaushika mshahara. Ekari elfu za Uasin Gishu zikitoka kwa baba kwenda kwa mwana, kodi ya urithi inayolipwa ni sufuri.